Wanacheka Sophia akisema, mimi nikisema wananinunia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 57, mwalimu mstaafu. Tangu nistaafu, kila Jumamosi jioni nilikuwa nakutana na marafiki zangu wawili kutazama The Golden Girls. Kwa wasomaji wako wasioijua, ni tamthilia ya vichekesho ya Marekani kuhusu wanawake wanne wanaoishi nyumba moja mjini Miami: Dorothy, aliyeachika baada ya miaka 38 ya ndoa, Sophia mama yake, na wenzao Rose na Blanche. Wakipatwa na jambo, usiku wanajikusanya kwenye meza ya jikoni na keki ya jibini, wanaanza kupeana ushauri. Sisi tulishaitazama yote mpaka mwisho, tukarudi mwanzo.

Tukapachikana majina. Mwenzetu tunayekutana kwake tulimwita Blanche, maana nyumba ni yake, kama vile Blanche alivyo mwenye nyumba. Yule mwingine ni mpole, anazungusha maneno mpaka unasahau alianzia wapi, huyo tukamwita Rose. Mimi ni Sophia. Sikulikataa jina hilo, tena nilijivunia. Nimefundisha miaka 31 na sijawahi kumwambia mzazi kwamba mtoto wake anajitahidi wakati najua hajitahidi.

Blanche wetu alifiwa na mumewe mwaka juzi. Siku ya kuzaliwa kwake, akiwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu msiba, alitutangazia kwamba anaiweka nyumba rehani ili mwanawe apate mkopo wa kununua malori mawili. Mezani tulikuwa watu wanane: sisi watatu, dada yake, mkwe wake na majirani. Mimi nikasema, "Marehemu aliijenga kwa tofali miaka ishirini, wewe utaibomoa kwa kalamu siku moja." Watu wakacheka. Yeye akainuka, akaingia jikoni, hakutoka tena mpaka tulipoondoka.

Baadaye nikagundua kuwa Rose wetu alilijua jambo hilo tangu miezi mitatu nyuma. Aliniambia hata usingizi ulikuwa haumjii kwa kumhofia mwenzetu. Nikamuuliza, wewe ulimwambia nini? Akasema alimwambia mwanawe ana bidii na mambo yatajipa. Basi!

Sasa ni wiki ya sita. Hakuna Jumamosi tena. Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Rose bado anakaribishwa. Ananiambia, "Ungesema polepole." Nikamjibu, "Polepole yako ya miezi mitatu imemsaidia nini?" Sasa hata sisi wawili tunasalimiana kwa shida.

Shangazi, nimelelewa na methali ya msema kweli mpenzi wa Mungu. Sophia anawachoma wenzake kila siku kwa maneno makali kuliko yangu, na kesho yake wamekaa naye meza moja. Mimi nimesema sentensi moja, tena ya kweli. Kosa langu ni lipi? Na rafiki wa kweli ni yupi, anayesema au anayebembeleza? Sijui kama ameshatia saini. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Sophia aliyefukuzwa mezani

Marahaba, mwanangu. Nina miaka 74, kwa hiyo niruhusu nikuite hivyo.

Kuna maneno mawili uliyoyapita mbio katika barua yako. Uliandika, "Watu wakacheka," halafu ukaendelea na safari. Nimeisoma barua mara nne na kila mara nimekwama hapo hapo.

The Golden Girls ilirekodiwa mbele ya watazamaji walioketi studioni. Kicheko tunachokisikia Sophia anapomchoma mtu ni chao. Ukiiweka tena, usimtazame Sophia. Watazame wanaoambiwa. Sophia akimtupia Blanche neno kuhusu wanaume wake, Blanche mara nyingi hacheki. Anakunja uso, au anajibu mapigo, au anameza. Wanaoangua kicheko ni watu ambao Blanche hawaoni na hatakutana nao kesho njiani. Ndani ya ile nyumba, neno la Sophia linaishia kati ya wanawake wanne waliokwisha kuonana wakilia, wakiumwa na wakiachwa. Wewe neno lako ulilisema mbele ya watazamaji wa kweli, ambao ni dada yake, mkwe wake na majirani wanaomwona kila siku. Wakacheka kama studio, na mwenzako alikisikia kile kicheko.

Tena mkwe wake alikuwepo. Kama ni mke wa huyo mwana mwenye malori, ulimpima mama kwa mizani ya ujinga mbele ya mkwewe. Kama ni mwingine, bado ni mkwe. Sijui mwanamke wa umri wetu anayeweza kulisahau hilo ndani ya wiki sita.

Halafu kuna marehemu. Kama ungesema, "Nyumba inaweza kuuzwa mkopo usipolipwa," ungekuwa umesema kweli na ingetosha. Ulichofanya ni kumwita mumewe kutoka kaburini aje kuwa shahidi dhidi yake. Mjane wa miaka miwili bado anauliza kila siku, marehemu angesema nini kuhusu hili? Wewe ukamjibia kabla hajakuuliza, ukajibu kwamba marehemu angemlaumu. Najua hukukusudia. Sentensi ilikuwa na mizani nzuri, tofali upande huu, kalamu upande ule, na mtu mwenye ulimi mwepesi akiipata sentensi ya namna hiyo haizuii. Nazifahamu hizo, nimezisema nyingi maishani mwangu, na zilizonigharimu zaidi ni zile zilizokuwa tamu kinywani.

Sasa nije kwa Sophia wako, maana umemchukua kama wakili wako na mimi namjua vizuri.

Watunzi wa tamthilia ile walijua kwamba mtu anayesema kila linalomjia hawezi kuvumiliwa bila sababu. Kwa hiyo katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 1985, walimpa udhuru: Sophia alipata kiharusi, na tunaambiwa kiliharibu ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kusema anachokiwaza. Wakampa na umri wa miaka 80. Wakampa na msiba wake, kwani makao ya wazee ya Shady Pines alikokuwa akiishi yameungua moto, akaja nyumbani kwa watu akiwa hana pengine pa kwenda. Ona ruhusa ngapi alizolundikiwa mtu mmoja ili tu maneno yake yamezeke! Na uzee wenyewe ulikuwa wa wigi na vipodozi. Estelle Getty, aliyemwigiza Sophia, alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja kuliko Bea Arthur aliyemwigiza Dorothy, binti yake. Wewe huna kiharusi, mwanangu, na miaka 57 haitoshi kuwa udhuru. Ulichukua ulimi wa Sophia ukaviacha vyote vilivyoufanya uvumilike.

Na hata akiwa na ruhusa zote hizo, kuna siku anakosea vibaya. Mnaikumbuka ile sehemu ya mwaka 1990 ambayo Rose anapata barua kwamba damu aliyoongezewa miaka ya nyuma alipofanyiwa upasuaji huenda ilikuwa na virusi vya UKIMWI? Anapima, kisha inabidi asubiri majibu kwa saa 72. Katika saa hizo Sophia, msema kweli wenu, anaogopa. Anaweka herufi R kwenye vikombe vya Rose ili asije akavigusa. Hofu yake haikuwa na msingi, naye ndani yake alikuwa anajua. Lakini kabla mambo hayajaisha anachukua kikombe chenye R na kunywea. Sophia aliyekuwa na maneno ya kila tukio, safari hii toba yake ilikuwa kikombe. Mikononi mwa mtu mkali, tendo linaaminika upesi kuliko maneno, kwa sababu watu wamezoea kuyakinga maneno yake. Tutarudi kwenye hili.

Katika sehemu hiyo hiyo Rose, kwa woga, anamwambia Blanche kitu cha kuumiza. Kwa maneno yangu mwenyewe, anasema mambo kama haya hayapaswi kumpata mtu mwema kama yeye, ukilinganisha na Blanche mwenye wanaume wengi. Blanche anamjibu waziwazi kwamba ugonjwa huu si wa watu wabaya wala si adhabu ya Mungu kwa wenye dhambi. Jibu hilo ni kavu kabisa, halina sukari hata chembe. Lakini halikulenga kumshusha Rose. Lilimtoa kwenye fikra iliyokuwa inamwongezea mateso. Ndiyo maana sikubaliani na Rose wenu anaposema ungesema polepole. Kasi haikuwa tatizo. Neno kavu lina siku yake, na siku hiyo ikifika ukilizungusha unamchelewesha mtu kutoka shimoni.

Dorothy naye aliwahi kusema maneno makali hadharani, nisije nikaonekana nakataza kila neno la hadharani. Mwanzoni mwa msimu wa tano anaugua, hana nguvu, anahangaika kwa madaktari na hawamwamini. Mmoja wao, daktari mkubwa wa New York, anamfanya ajione kama mtu anayempotezea muda. Mwishowe ugonjwa wake unapata jina, ule wa uchovu sugu, na akamkuta daktari yule kwenye mgahawa akila na mkewe. Akasimama mbele yake akamwambia yote. Susan Harris, mwanamke aliyeibuni tamthilia nzima, aliiandika hadithi hiyo kutokana na yaliyompata yeye mwenyewe alipougua. Lakini tazama Dorothy alikuwa anamwambia nani. Alikuwa anamwambia mtu aliyekuwa na mamlaka juu yake, kuhusu alichomtendea yeye. Hakuwa anamwambia rafiki aliyekwisha kulegea, siku ya sherehe yake, kuhusu mali yake mwenyewe. Nenda kampigie kelele meneja wa benki hadharani, mimi nitakushikia mkoba.

Sasa Rose. Nimeona unavyomtaja, na nadhani hamjamsoma vizuri Rose wa Miami, wewe na hata huyo mwenzako aliyepewa jina lake.

Mnamkumbuka kwa hadithi zake za St. Olaf, mji alikokulia, zisizokuwa na mwisho, na kwa jinsi Dorothy anavyomkatisha. Kumbukeni pia dada yake Lily, katika msimu wa kwanza. Lily amepofuka karibuni, anaogopa, na anamwomba Rose ahame aende kuishi naye amtunze. Rose anampenda dada huyo kuliko maelezo. Anakataa. Anamwambia hapana, akijua dada yake atakasirika, kwa sababu akienda Lily hatajifunza kamwe kuishi na upofu wake. Upole wa Rose haukumzuia kusema hapana. Ulimzuia tu asiiseme kwa dharau.

Ila sehemu ninayotaka mkaitazame tena, wewe na Rose wenu mkiwa mmekaa kochi moja, ni ile ya msimu wa sita, Phil anapofariki. Phil ni mtoto wa kiume wa Sophia. Hatujawahi kumwona kwenye skrini, ila kwa misimu mingi tulikuwa tunachekeshwa kuhusu yeye, kwamba alipenda kuvaa nguo za kike. Sasa amekufa. Kwenye mazishi Sophia hana chozi. Ana hasira tu, anamshambulia Angela, mke wa marehemu, kwa ugomvi wa miaka. Dorothy, anayelingana na mama yake kwa ulimi, hapati njia. Anayeipata ni Rose. Yule ambaye kila mtu humwona mzito wa akili aliwahi kufanya kazi ya kuwafariji waliofiwa, naye anamuuliza Sophia swali moja, kisha jingine. Hamwambii "unakosea". Hamwambii "mambo yatajipa". Anamuuliza kuhusu mwanawe, na Sophia akikwepa anauliza tena, kwa upole ule ule, bila kumwachia. Mpaka linatoka lile lililofichwa, kwamba miaka yote kila alipomwona Phil alijiuliza yeye kama mama alikosea wapi. Ilikuwa aibu iliyovaa nguo za utani. Angela anamwambia kwamba Phil alikuwa mtu mwema. Na Sophia, mkali wetu, anavunjika, anamlilia mtoto wake.

Kila nikiitazama sehemu hiyo nalia pamoja naye, na si kwa sababu ya kifo peke yake. Nalia kwa sababu watu wale waliishi naye miaka wakijibizana na ulimi wake, na aliyemfikia ni aliyeuliza.

Wewe hukumuuliza Blanche wako kitu. Rudi kwenye barua yako uone. Alitangaza, ukajibu. Umeniambia alikuwa na furaha ambayo hamjaiona tangu msiba, na mimi hilo limenishika zaidi ya malori. Furaha hiyo ilitoka wapi? Huenda kwa miaka miwili hakuna aliyemwomba kitu. Huenda mwanawe alikuwa amekaa mbali tangu mazishi na mkopo huu umemrudisha mlangoni. Huenda kuna ahadi aliyompa marehemu. Huenda pia ni ujinga mtupu wa mama anayependa kupita kiasi, kama unavyoamini. Mimi sijui, na wewe hujui, ingawa ulikuwa umekaa naye meza moja. Ushauri wako ulikuwa sahihi kuhusu nyumba. Kuhusu yeye ulikuwa bado hujaanza.

Umeniuliza rafiki wa kweli ni yupi. Samahani, siku ile sikumwona hata mmoja mezani pale. Rose wenu alikosa usingizi miezi mitatu kwa hofu, na akikutana na mwenye nyumba anamwambia mwanao ana bidii. Huo si upole, ni kujilinda. Alitaka abaki mwenye kukaribishwa, na kweli amebaki. Yeye alikuwa na nafasi ambayo wewe hukuipata. Aliambiwa faraghani, mapema, hakuna mkwe wala jirani, saini bado. Ile ndiyo ilikuwa meza ya jikoni, na aliiacha keki ikapoa. Mwonyeshe aya hii. Nakuomba tu usiisome kwa sauti yako, mpe aisome mwenyewe.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, niseme kidogo kuhusu majina mliyopeana. Mwanzoni Betty White alipangiwa kuwa Blanche na Rue McClanahan kuwa Rose, kwa sababu nafasi za namna hizo ndizo walizozoeleka kuigiza. Betty White katika tamthilia ya nyuma alikuwa mwanamke mwenye makali na mwenye kuwinda wanaume. Jay Sandrich, mwongozaji wa sehemu ya kwanza, ndiye aliyependekeza wabadilishane. Wakabadilishana, na leo hakuna anayeweza kumfikiria Rose mwingine. Nyinyi mmekaa ndani ya majina yenu miaka yote hii. Rose wenu akitaka kusema jambo zito anahisi si lake, ni la Sophia. Wewe ukitaka kuuliza kwa upole unahisi unaigiza. Badilishaneni. Wiki hii yeye ndiye aseme na wewe ndiye uulize.

Kwa sababu kuna saini, usisubiri mpaka roho itulie. Hivi ndivyo ningefanya.

Ningeanza kwa Rose, leo leo, kwa sababu mlango wa kule uko wazi kwake. Aende peke yake, amwambie ukweli wake mwenyewe: nilijua tangu siku ile, niliogopa, nikakudanganya kwamba sina wasiwasi. Kisha amwombe jambo moja dogo, kwamba kama hajatia saini asitie kabla ya kukaa na mwanasheria ambaye si wa benki wala si wa mwanawe. Asimshauri aache. Ampe tu maswali ya kwenda nayo. Je, mwanangu akikwama marejesho, baada ya muda gani benki inaweza kuiuza nyumba? Dhamana yangu ina kikomo cha kiasi fulani, au inabeba na riba na gharama zote zitakazoongezeka? Malori yenyewe hayawezi kuwa dhamana badala ya nyumba, au angalau kwa sehemu? Mwana mwenye bidii hataudhika mama yake akiuliza hayo. Akiudhika, mama atakuwa amejifunza kitu bila sisi kufungua midomo.

Halafu wewe. Acha ujumbe wa simu, umeshaona mlango huo umefungwa. Andika barua ya karatasi, fupi, na ndani yake usiombe radhi kwa kuwa na wasiwasi na nyumba, maana wasiwasi ule ulikuwa wa haki na akisikia unaukana atajua unadanganya. Omba radhi kwa vitu viwili kwa majina yake: kwamba ulimtaja marehemu, na kwamba ulisema mbele ya watu wakacheka. Usiongeze "lakini". Najua mkono utawasha, wewe ni mwalimu. Usiongeze.

Kisha kunywa kwenye kikombe. Ninamaanisha lile tendo. Wale watu wa mezani walicheka kwa sababu yako, na yeye hawezi kuwaendea mmoja mmoja kufuta kicheko kile. Wewe unaweza. Nenda kwa dada yake, nenda kwa yule mkwe, waambie, "Siku ile nilimkosea. Nilisema jambo lisilo langu, tena kwa mzaha." Utaona haya, na itakuwa haya yako peke yako safari hii, si yake. Usimwambie yeye kwamba umefanya hivyo. Litamfikia. Maneno ya mezani huwa yanamfikia mwenyewe, hata yale mazuri.

Inawezekana asikufungulie. Sitakuficha hilo. Kuna watu ambao wakishachekwa nyumbani kwao hawarudi tena walipokuwa, na ana haki. Ikiwa hivyo, muache Rose aendelee kwenda, na usimgeuze mpelelezi wako.

Lakini akifungua, usianze na malori. Muulize alikuwa anajisikiaje siku ile kabla hujafungua mdomo, alipokuwa amesimama pale na furaha yake. Muulize na jibu lisikilize lote, hata likiwa refu kama hadithi ya St. Olaf. Na akikwambia ameshatia saini, usishtuke kwa sauti. Mwombe akuletee ile ratiba ya marejesho na mkataba, mvae miwani, mkae nyinyi watatu mezani jikoni muanze kuisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, zile herufi ndogo za chini pia.

Shangazi